Shokapu za Magoma: Wasifu wa Marehemu Fanueli Yohana Shempemba

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa Kwemashai na wageni wote mliopanda mlima kuja kumsindikiza mwenzetu, ahsanteni. Wasifu huu ulikuwa usomwe na shemeji yangu Tobia, mdogo wa marehemu. Nimemwomba anipishe. Tobia ni mtu wa amani, angeruka mambo, na mimi sitaki yarukwe. Ninayesoma ni Efrazia, mke wa marehemu.

Marehemu Fanueli Yohana Shempemba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa Kwemashai, wilaya ya Lushoto, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yohana Shempemba na Mama Damari, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama mkwe wangu alikuwa akisimulia kwamba Fanueli alitembea mapema kuliko ndugu zake wote, na kwamba hatua zake za kwanza zilielekea mlangoni. Alinisimulia hayo wiki ya harusi, huku anacheka. Alikuwa ananionya, ila mimi nilidhani ananifurahisha.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari Lushoto mjini hadi 1979. Mwaka mmoja alikaa nyumbani akilima kabichi na baba yake. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha kilimo, akamaliza na cheti mwaka 1983. Walimu wake walimsifu kwa hesabu na mwandiko. Hakuna aliyemsifu kwa kutulia.

Aliajiriwa serikalini kama bwana shamba mwezi Machi 1984, kwanza wilayani Korogwe, halafu kuanzia 1987 hapa Lushoto, mpaka alipostaafu tarehe 14 Agosti 2021. Wakulima wa viazi na karoti kutoka Magamba hadi Malindi walimjua kwa mlio wa pikipiki kabla hajatokeza kwenye kona. Wengine walikuwa wakiusikia wanakimbia kuficha dawa walizochanganya vibaya. Alikuwa mkali kwa dawa na mpole kwa watu, na hakuna mkulima aliyemnyima kiti.

Pikipiki ya kazi ilipomzoesha barabara, akataka yake mwenyewe. Mwaka 2009 alinunua pikipiki ya Kijapani iliyotumika, ya injini ya sisi mia mbili hamsini, yenye shokapu mbili nyuma. Tangu hapo kila mwaka, viazi vikishavunwa, yeye na rafiki yake Stephano na wenzao walifunga mizigo wakaondoka. Walifika Kigoma, Mpanda, Songea, Masasi. Wako hapa mbele yangu, wamevaa makoti yao. Nyie mlimwona akicheka mpaka akakaa chini barabarani kule Tunduru. Mimi kicheko hicho nilisimuliwa, na kila mwaka kilisimuliwa upya na kila mara mlicheka nyie mliokuwepo. Niwaambie leo mbele ya jeneza kwamba nawaonea wivu, na wivu wenyewe si wa kutania.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986 katika kanisa la Kilutheri la hapahapa. Mimi nilikuwa Mkatoliki, nimelelewa na masista Kifungilo, na baba yangu alikubali baada ya Fanueli kumtibia mahindi yake. Tulijaliwa watoto watatu, wa kwanza Eliza. Alikuwa mume mwema, hakunywa, hakunipiga, mshahara aliuleta nyumbani. Mtu akisikia hivyo anashangaa huo wivu umetoka wapi. Umetoka kwenye kiti cha nyuma.

Mwaka 1998 alinipakia kwenye ile pikipiki ya kazi kwenda Mtae kwenye harusi. Shokapu zilikuwa zimekufa. Kila shimo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno yangu, na tulipopita Lukozi nyuma ilikuwa imelala, mbele imeinuka, vijana sokoni wakamwambia, "Bwana shamba, mbuzi wako anakuvuta nyuma." Niliporudi nikasema sipandi tena chombo hicho. Wanawake mlio hapa mnajua maneno ya namna hiyo husemwa ili mtu abembelezwe. Fanueli alikuwa mtu wa ripoti, ukimwambia jambo analiandika hivyohivyo. Hakunibembeleza. Kwa miaka ishirini na zaidi aliondoka, akanipungia mkono pale getini, na mimi nikarudi ndani kuosha vikombe.

Mwaka 2022 shokapu zake za nyuma zilianza kuvuja. Alifunga mpya za bei rahisi, zenye rangi nyekundu na kichupa cha pembeni, nzuri kwelikweli kwa macho. Hazikufika Handeni. Hapo ndipo alipoanza kwenda Magoma. Magoma, ndugu zangu. Korogwe mjini maduka ya spea yamejaa, na hata Mombo yapo, lakini yeye alishuka mlima akayapita yote mpaka Magoma, kwa mjane anayeitwa Latifa, Mama Zakia, ambaye marehemu mume wake alikuwa fundi na alimwachia duka. Mama Zakia, nakuona umekaa pale na kanga ya zambarau. Kaa tu.

Alirudi kutoka huko ana mengi ya kusema, na yote ni ya Mama Zakia. Mama Zakia anasema usinunue shokapu kwa rangi. Mama Zakia anasema angalia ule mti wa chuma wa ndani, ukiwa na kutu au mikwaruzo utakata sili na oili yote itamwagika. Mama Zakia anasema ikandamize kwa uzito wako wote uone inavyorudi, ikiruka kama godoro iache, ikirudi taratibu hiyo ina maisha. Mama Zakia anasema afadhali ya zamani inayofunguka, sili ikiisha fundi wa mji wowote anaibadilisha, kuliko mpya iliyochomelewa ambayo ikifa unaitupa porini. Mimi nilikuwa nasikiliza huku napakua makande. Katika ndoa yetu sijawahi kusema jambo likarudiwa kwa heshima ya namna ile.

Na alikuwa hanunui. Kila jozi aliyoonyeshwa aliikataa. Hii fupi, hii laini, hii inafaa mtu mmoja. Mtu anayekwenda dukani miaka miwili bila kununua anafuata nini? Nilimuuliza Tobia, akaniambia, "Shemeji, anatafuta ya kudumu." Nikamwambia hilo ndilo ninaloliogopa.

Halafu siku moja, mwezi Juni 2024, nikiwa naanika maharage nyuma ya nyumba, nikamsikia anaongea na simu. Alisema, "Mama Zakia, mzigo wangu ni mzito, wewe unajua. Lakini ndio niliopewa, siwezi kuushusha njiani." Nilisimama na ungo wangu. Miaka thelathini na saba nimemfulia suruali zenye tope la wilaya nzima, na sasa nasikia kwamba mimi ni mzigo, na anayefarijiwa ni yeye, na mfariji yuko Magoma. Usiku huo nilimpakulia chakula kama kawaida. Na kesho yake pia.

Mwezi Septemba 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na kukosa hamu ya chakula. Alipelekwa hospitali hapa wilayani, baadaye Moshi, na mwezi Novemba tukaambiwa ni saratani ya kongosho na imeshatembea. Alirudishwa nyumbani. Aliugua kwa uvumilivu, akiuliza hali ya viazi vya watu.

Tarehe 18 Januari 2025 Mama Zakia alikuja kumwona mgonjwa. Alishuka kwenye bodaboda na kiroba begani. Akanipa shikamoo kwa adabu, nikaitikia kwa sababu masista walinilea. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka, halafu akatabasamu akasema, "Kumbe wewe ndiye mzigo."

Ndugu waombolezaji, Mungu ndiye aliyenizuia. Nikamuuliza, "Umesemaje, mama?"

Akakaa, akafungua kiroba, akatoa shokapu mbili kuukuu zilizofunguliwa, zikasafishwa na kuwekwa sili mpya. Akanieleza kwamba dukani kwake, mteja wa safari ndefu akija, swali la kwanza ni mzigo. Unapakia nini nyuma? Huo ndio unaoamua springi. Wengine husema gunia, wengine kreti. "Baba Eliza alisema mzigo wake ni kilo themanini na nane, haufungwi kamba, una mgongo unaouma, na ukiumizwa mara moja haupandi tena. Nikamwambia basi hapa tusikosee. Jozi zote nilizopata zilikuwa laini. Hizi ndizo za kwanza zinazokubeba, dada, bila kugonga mwisho. Alisema mnakwenda Songea kumwona dada yako mtawa."

Kwa kuwa kilo zangu zinajulikana Magoma, na ninyi mzijue.

Niliingia chumbani. Nikamuuliza, "Baba Eliza, kwa nini hukuniambia?" Akajibu, "Mghoshi akimwambia mkewe jambo kabla halijawa tayari, atajibiwa hapana. Nilitaka zifungwe kwanza, uzikalie, ndipo uulizwe." Nikamwambia aliyestahili kuulizwa wa kwanza ni mimi. Akasema, "Kweli." Hakujitetea. Nililia kwa furaha, na palepale nikalia kwa hasira, maana safari ya maisha yangu ilijadiliwa miaka miwili na mwanamke mwingine, akaijua kilo kwa kilo, na mimi nikiwa hapa naanika maharage. Mama Zakia, umenitendea wema mkubwa na nakushukuru. Lakini ile miaka miwili ilikuwa yangu, na siwezi kujifanya sioni uchungu.

Fundi Ibrahimu alikuja akazifunga pale uani, marehemu akielekeza kutoka kitini. Tarehe 2 Februari, baada ya ibada, aliomba avalishwe koti lake. Tobia na Ibrahimu walimpandisha mbele, wakaishika pikipiki huku na huku, mimi nikapanda nyuma. Nyuma ilishuka kidogo, ikasimama, ikarudi taratibu. Injini haikuwashwa. Akageuza shingo akaniuliza, "Efrazia, tutakwenda?" Nikamwambia tutakwenda. Nilimshika kiunoni na kiuno kilikuwa kimeisha, lakini tulikaa pale mpaka Ibrahimu akachoka kushika.

Marehemu alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Machi 2025 saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu. Nilikuwa nimemshika mimi, na hakuna mwingine aliyekuwepo, na hilo nalisema kwa majivuno.

Stephano na wenzake wameniomba pikipiki waipeleke Songea kwa heshima ya marehemu. Tobia amepata mnunuzi. Nawajibu wote kwa pamoja hapa ili nisirudie: haiendi na haiuzwi. Aliipanga kwa uzito wa watu wawili, na mmoja bado yupo. Eliza, binti yetu wa kwanza, anajua kuendesha. Arobaini ikipita atanipakia mimi, tutakwenda Songea. Msitufuate.

Marehemu ameacha watoto watatu, Eliza, Rubeni na Modesta, wajukuu watano, ndugu wanne, marafiki wengi wa barabarani, na mjane mmoja. Nasema tena kwa faida ya waliokaa mbali: mjane mmoja.

Mungu amjalie Fanueli pumziko jema. Na kama huko kuna barabara, Bwana amwambie asiondoke na mtu mpaka nifike.