Waya wa Amplifaya na Kaseti ya Mwaka Jana

Mbele ya cherehani ya Mogesi, hapa Nkende, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Jumamosi ile tulikaa tukinywa kahawa, na kesho yake ulikuwa mkutano mkubwa wa injili. Gasto, fundi redio tuliyemwita Waya, alikuwa na kaseti moja tu, maana duka la ushirika halikuwa na nyingine. Ndani yake mlikuwa na mkutano wa mwaka jana, na sauti ya marehemu mke wangu, Veronika. Kwingine kote duniani haimo. Waya alitaka kurekodi juu yake, nami sikujua nimwambieje.

— Mwaka jana tulikosea, alisema Waya. Redio kaseti tuliiweka katikati ya watu, ikameza upepo. Safari hii nachomeka waya kwenye amplifaya yenyewe. Sauti inatoka kwenye maikrofoni, inaingia kwenye kaseti, haikutani na mbuzi wala mtoto njiani.

Nashoni, tuliyemwita Bunge kwa maneno yake, akaweka kikombe chini.

— Na mkalimani? Muhubiri Kiswahili, mkalimani Kikurya, waya mmoja? Watagongana!

— Kila mmoja atangoja zamu yake.

— Mkalimani wetu? Umewahi kumwona akingoja?

Mwalimu Telesphory wa Bukoba, ambaye kwetu ni Chaki, akakohoa kama yuko darasani.

— Kisayansi, Kiswahili ni chepesi, kitafika mara moja. Kikurya kina uzito. Kitafika Jumatatu.

— Basi waya tuufunge kwenye fahali, kitakimbia!

— Utapata moto. Itabidi tuumwagie maji.

— Maji kwenye umeme, Mwalimu? Tutakuimbia nyimbo za mazishi!

Bunge akanitazama, akashika mdomo.

— Nisamehe, mzee Hezekia.

— Endelea, ndugu yangu, nikasema. Hata yeye angecheka.

Waya akabonyeza redio kaseti tusikie ubaya wa kazi ya mwaka jana. Ulivuma upepo. Ng'ombe alilia. Mbali sana, kama mtu aliye ndani ya mtungi, muhubiri alisema jambo. Mara vigelegele vikapasua spika, karibu kabisa, maana redio ilikuwa mapajani mwa Veronika. Kisha sauti yake:

— Nashoni! Toa hilo guu lako kwenye kanga yangu! Bwana asifiwe! Nimesema toa!

Bunge alianguka kutoka kwenye benchi. Chaki alimwagikiwa kahawa. Nami nikacheka, nikacheka hadi machozi, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Namshukuru Mungu kwa kicheko kile.

Nesi mgeni, Eugenia, alikuwa anapita.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Mnasikiliza mahubiri?

— Ya mwaka jana, mama. Wote tulikuwepo.

— Alihubiri nini?

Bunge alimtazama Chaki. Chaki alimtazama Waya. Mimi mzee wa kanisa nilitazama kahawa yangu.

Waya akaitoa kaseti. Akachukua mkasi wa Mogesi, akavunja vile vipande viwili vidogo vya mgongoni, ambavyo vikishavunjika kaseti hairekodi tena. Akaniwekea mkononi.

— Na kesho? aliuliza Chaki. Waya tutauchomeka wapi?

— Kesho, alisema Waya, mje na masikio.