Mashine ya Kidole Ilipopita

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya vipande viwili vya traverse, mbao nzito za kulalia reli, upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, pale lami inapoishia na vumbi jekundu linachukua kazi. Mama Albertine anaweka termos zake saa kumi na mbili asubuhi, na sisi tunaweka makalio yetu. Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni, jina lake Adalbert, hakuwahi kuwa chef wa chochote. Aligeuza aiguille, zile njia panda za reli, miaka thelathini na moja, lakini anaketi kama mutu anayengoja treni imupigie saluti. Demi-Gros ni Kakule, wa Butembo, mbali kaskazini, anauza unga na sukari kwa magunia, na kuongea pia anaongea kwa magunia. Mimi bananiita Licence. Licence en biologie, avec distinction, digrii ya alama za juu, miaka sita bila kazi. Ndiyo utani wao huo.

Asubuhi ile Gauthier, soudeur, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, alifika bila kusalimia. Muke wake Émerance, mimba ya miezi minane, alianguka jana karibu na kisima, akapelekwa hospitali.

— Banasema damu yake iko sita, akasema. Banaomba poches mbili za damu. Moja nimetoa mi mwenyewe. Inabaki moja. Groupe ya damu yoyote, bo batabadilisha na yake kule.

Alibaki amesimama, mukono wa shati umekunjwa, pamba imebandikwa kwenye kiwiko. Alikuwa anangoja mutu mmoja aseme «mimi». Sisi tukakoroga sukari.

— Sita juu ya ngapi? akauliza Chef de Gare.

— Mama wa mimba akishuka chini ya kumi na moja ni anémie, damu imepunguka, vieux, nikamujibu. Mara mingi ni chuma inakosekana mu damu. Le fer.

— Chuma? Hapa Katanga? Shi tunalala juu ya mine, juu ya madini. Ukikunguta suruali yako, inaanguka mine. Chuma ikosekane kwabo Demi-Gros, kule banakula maharagwe.

— Maharagwe njo iko na chuma, mzee.

— Sikukuuliza, Licence.

— Ni pemba, akasema Demi-Gros. Bamama ba hapa bakishika tu mimba, banatafuna udongo mweupe kama biscuit. Kwetu mama wa mimba anakula sombe, majani ya muhogo, anazaa kesho, keshokutwa iko ku shamba.

Mama Albertine aliweka termos chini.

— Mi nilikulaka pemba mimba saba, na munaniona. Si pemba. Ni bile bidonge banagawaka ku consultation ya bamama ba mimba. Binageuza choo inakuwa nyeusi. Ile nyeusi ni damu inaungua. Nilimuambia Émerance abiweke chini ya matelas ya kitanda, apumuzike kwanza.

— Mama, Gauthier akasema polepole. Ulimuambia asikunywe?

— Nilisema apumuzike, mwanangu. Apumuzike tu.

Ukimeza bidonge, unafungwa choo, choo kinakuwa cheusi, basi. Ni fer, inapita. Kila infirmière, kila muuguzi, angeweza kumuambia kwa dakika mbili. Mimi pia ningeweza.

— Hata bidonge ni maneno ya juu juu, akasema Demi-Gros. Unga njo iko na siri. Banaandika ku gunia «enrichi en fer», chuma imeongezwa, sivyo? Nilipitisha sumaku juu ya magunia makumi ine. Hakuna kitu ilirukia.

— Sumaku ya wapi?

— Ya haut-parleur ya redio.

Chef de Gare alitikisa kichwa kwa huruma.

— Munazunguka tu. Damu ya bantu iliisha tangu mashine ya kidole ilipita.

Mashine ya kidole ilipita hapa miaka miwili iliyopita: vijana wenye gilets za bluu, vizibao vya kazi, enquête, uchunguzi wa nchi nzima, nyumba kwa nyumba. Wanadunga kidole cha mama na cha mutoto, tone moja linaingia katika kimashine, namba inatoka, wanaiandika kwa karatasi unabaki nayo. Nchi ilitaka kujua wangapi wanapungukiwa damu, na wapi.

— Ile haikukuwa mambo ya damu, Demi-Gros akasema. Ilikuwa prospection, kutafuta madini. Mutu anakunywa maji ya kisima chake miaka kumi, damu yake inabeba kile kiko chini ya parcelle, chini ya nyumba yake. Bakikuta cobalt mu kidole yako, mwezi unaofuata bulldozer iko ku mulango. C'est scientifique.

— Nani alikuambia? Gauthier akauliza.

— Si Licence huyu?

Wakanigeukia.

Ni kweli. Nilikuwa nimepeleka dossier yangu niajiriwe kwa enquête ile. Jina langu halikutoka. Gilet yangu ilivaliwa na kijana aliyesoma relations internationales, mambo ya nje, asiyejua kutofautisha plasma na Fanta. Siku ile nilikuja hapa mdomo umejaa sumu, nikaitupa sumu ile juu ya ubao huu na maneno ya maabara ndani yake, ili ipendeze. Saa kumi avenue nzima ilikuwa inajua. Bamama wakafunga milango. Gauthier alipandisha Émerance juu ya camion ya Demi-Gros mpaka kwa shangazi yake, kule kijijini Kasomeno, wiki mbili, hadi gilets za bluu zikaondoka. Niliona camion inaondoka. Nikamaliza kahawa yangu.

— Uliposema vile, ulikuwa unacheka? Gauthier akaniuliza.

— Hapana. Nilikuwa nimekasirika.

Alinitazama kama fundi anavyotazama soudure iliyopasuka. Akafungua mdomo, lakini musichana mmoja alikuwa anavuka barabara mbio, karatasi mukononi. Keren, mudogo wa Émerance; hata Gauthier anamuita yaya, ndugu mukubwa.

— Jambo zenu, bapapa. Yaya Gauthier, docta ananituma. Anauliza: mbele ya mimba, damu ya yaya Émerance ilikuwa ngapi?

— Ngapi namna gani?

— Namba. Anasema hapa kwenu balipimaka nyumba yote, kila mama alipewaka karatasi. Anataka kujua kama huu upungufu ni wa juzi ao uko mule tangu zamani. Karatasi iko wapi?

Demi-Gros, mwenye jibu la kila gunia, akachungulia ndani ya kikombe. Chef de Gare akaangalia njia, kule treni haipiti. Mama Albertine akafunga termos iliyokuwa imefungwa tayari.

— Hata kadiri, akasema Keren. Kalamu yake ya bic ilikuwa wazi, juu ya karatasi.

Ningeweza kumuelezea hémoglobine kuanzia asubuhi mpaka jioni. Namba moja ya mwanamuke mmoja, sikuwa nayo.

— Andika kwamba hakupimwa, nikamuambia, nikakunja mukono wa shati. Na tuende, nitoe ile poche. Njiani nitakuambia ni kwa sababu ya nani hakupimwa.

Chef de Gare naye akasimama. Ana miaka sabini na mbili, hospitali ingemukataa kwa uzee hata kabla hajasimama, na alijua. Demi-Gros akachelewa, kisha akafuata.

Gauthier alikuwa ametangulia mbali, bila kunisemesha.