Elijah Ekai na Kikosi Alichokilipia

Wazee wetu, mchungaji, mama zetu mlioketi karibu na jeneza, na ninyi wafanyakazi wa kikosi cha visima mliosimama kule nyuma kando ya lori kana kwamba hakuna nafasi ya kukaa, nawapa ejok, salamu ya kwetu, poleni, na asanteni kwa kufika hapa Kakuma leo Jumamosi, tarehe 18 Novemba 1978. Mimi ni Lomunokol, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, na familia imenituma nisome maisha yake bila kutia chumvi, na shemeji yangu Akai, mjane wa marehemu, amenionya nisipandishe sauti, kwa hiyo nitajitahidi, ingawa wanaonijua wanajua kwamba hasira yangu haikai mbali.

Marehemu Elijah Ekai alizaliwa Kaaleng, mtoto wa kwanza wa mzee Lokwang na mama Nakal, ambao wote wametutangulia, na karatasi zake zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1935, tarehe ambayo karani aliwagawia watu wote waliopanga foleni siku ile, lakini mama alisema siku zote kwamba ilikuwa wakati wa mvua, ngamia wakiwa na maziwa, na sisi tunamwamini mama. Mama alipofariki tungali wadogo tulilelewa na mdogo wake, mama Nakeno, ambaye nitamtaja tena kwa uchungu.

Mwaka 1949 marehemu aliingia shule huko Lodwar, akiwa mrefu kuliko wenzake wote darasani na mwenye kuchekwa kwa hilo, akamaliza mwaka 1956, kisha akaenda Kitale kujifunza ufundi wa mitambo, na aliporudi alikuwa na viatu, Kiingereza cha kutosha, na tabia moja ambayo hakuwa nayo kabla, ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Tarehe 3 Machi 1958 aliajiriwa na idara ya maji Lodwar kama kibarua wa kuvuta mabomba, akapanda pole pole, akawa fundi, na mwezi wa Julai 1970 akafanywa msimamizi wa kikosi kinachotunza visima vya mashine kuanzia Lodwar kupita hapa Kakuma hadi Lokichoggio.

Alikabidhiwa lori moja kuukuu na watu watatu wasiopatana, nao wako hapa leo, Kipkemboi dereva, Ngugi fundi wa injini, na Emuria mtunza pampu, kijana wetu wa hapa hapa. Kipkemboi hakukubali kulala upande mmoja wa moto na Emuria kwa sababu ya ng'ombe ambao watu wao waliibiana upande wa Kapedo kabla wao wawili hawajazaliwa, na Ngugi aliwaona wote wawili kuwa watu wasiojua boliti wala nati, akala peke yake, akafunga sanduku lake la spana kwa kufuli.

Sasa niseme jinsi alivyowaunganisha, kwa sababu wakubwa wa Lodwar walikuwa wakileta wageni kuja kutazama kikosi hicho, na hakuna aliyewahi kumuuliza alifanyaje. Asubuhi kabla ya safari hakuna aliyegusa lori mpaka wamekunywa chai pamoja, na kila mtu amesema ni kitu gani katika mpango wa siku ile kinamtia wasiwasi, wakianza na mgeni kazini, yeye msimamizi akimalizia, kwa maana alisema mkubwa akishasema kwanza, wengine wanabaki kutikisa vichwa. Alimfundisha Kipkemboi kupaka grisi, akamtuma Ngugi atangulie kwa wafugaji kuwasalimu na kuuliza habari za mvua na za mifugo kabla ya kufungua sanduku lake, akisema ukitengeneza maji ya mtu bila kumsalimu utadhaniwa unayaiba, na mwaka wa pili Ngugi alikuwa anasalimu kwa Kiturkana vizuri kuliko watoto wengine ninaowafundisha. Akitaka kumsifu mtu alimsifu mbele ya wafugaji, akitaka kumkemea alimpeleka nyuma ya lori.

Na juu ya hayo yote aliweka desturi ya kwetu. Kwetu mwanamume akiwakosea wa rika lake huchinja mnyama, wanaume hukaa nusu duara, kila mtu mahali pake, yeye husema mnyama huyu ni wa kosa langu, nyama huliwa, na jambo likishaliwa halitajwi tena na yeyote. Marehemu aliwaambia wale watatu kwamba katika kikosi chake hakuna mtu atakayeshtakiwa Lodwar kwa kosa la kazi, bali atatoa mbuzi. Wa kwanza alikuwa Ngugi, aliyesahau spana kisimani, siku nzima ya safari ikapotea, akanunua beberu, akasimama, akasema ni wa kosa lake, akamchinja vibaya huku wenzake wakicheka, na tangu siku hiyo lile kufuli halikuonekana tena. Kipkemboi naye alitoa wake, alipozamisha lori kwenye laga, mto wa mchanga, baada ya kuonywa na Emuria, na kipande kizuri cha nyama alimpa Emuria kwa mkono wake. Hapo ndipo wakawa kikosi, na ningetamani historia hii iishie hapo.

Kuhusu ndoa, marehemu alimwoa Akai mwaka 1962 kwa mahari kamili, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani Lodwar tarehe 11 Desemba 1966, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Nabei, ambaye yuko kidato cha pili. Akai alichunga mbuzi wa nyumba hiyo vizuri, wakaongezeka, na ni yeye aliyeona mapema lile ambalo marehemu hakuliona.

Ukame wa mwaka 1974 ulipokuja, mbuzi wakawa shida kupatikana, Kipkemboi akawa na mtoto mgonjwa, Ngugi akawa anajenga kwao, Emuria akawa na ndugu wengi wa kulisha, na marehemu akawahurumia, ikawa kila mmoja wao akikosea, marehemu ndiye anayetoa mbuzi kwenye boma lake mwenyewe, akisema baba hulipia nyumba yake. Wakala. Kosa la pili, akatoa tena, nao wakala, wakafuta midomo, wakashukuru, na hakuna aliyesimama tena kusema hili ni langu, kwa sababu mbuzi alikuwa amekwisha kusema kwa niaba yake. Akai alimwambia waziwazi kwamba anawafuga hao watu kama anavyofuga mbuzi, naye akamjibu kwamba mtu ni mtu na mbuzi ni mbuzi, wakaacha hapo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wale watatu walizoea wepesi huo miaka mitatu.

Mwezi wa Februari 1977, jua likiwa kali na mifugo ya nchi nzima imekusanyika hapa Kakuma, marehemu alikwenda Lodwar kufuata dizeli, akachelewa kwa sababu dizeli yenyewe ilichelewa kutoka Kitale, na kabla ya kuondoka aliwapangia wale watatu zamu za kuangalia injini ya kisima na kuitia oili, aliwapangia kwa mdomo, wakiwa wanakunywa chai, kama kawaida yao. Zamu moja ilipita bila oili. Injini ikaungua, ikakwama, na marehemu aliporudi alikuta wanyama wamesimama mbele ya birika kavu na watu wakimtazama yeye.

Hakumgombeza mtu. Aliwaita wale watatu kwenye kivuli cha lori, wakakaa nusu duara, naye akakaa, akingoja mwenye zamu ile asimame, maana alijua ni nani, na wao watatu walijua ni nani. Watu waliokuwepo wanasema wale watatu walimtazama marehemu, kisha wakatazama njia inayotoka bomani kwake, kama watu wanaongoja kuletewa chakula. Siku hiyo hakutoa mbuzi. Jua likashuka, hakuna aliyesimama, na mwishowe aliinuka yeye, akaenda zake.

Kisima kikiwa kimekufa, watu walirudi kuchimba mchanga wa laga ya Tarach kwa mikono, kila siku wakienda chini zaidi, na tarehe 21 Februari 1977 mama Nakeno, aliyetulea, alikuwa chini akijaza maji kwenye karai wakati kingo zilipoanguka zikamfunika. Nataka niwe mkweli, Kipkemboi, Ngugi na Emuria walichimba pamoja nasi mpaka vidole vikatoka damu, na mmoja wao alilia kuliko sisi wenyewe, lakini hakuna aliyekiri, hata mama Nakeno alipozikwa.

Tarehe 4 Aprili 1977 marehemu aliitwa Lodwar mbele ya wakubwa, mambo yakazungumzwa kwa Kiingereza, akaulizwa zamu ilikuwa ya nani, akajibu kwamba zamu zote za kikosi ni za msimamizi. Wale watatu waliitwa mmoja mmoja kutoka kwenye benchi la nje, na kila mmoja alijibu kwamba msimamizi ndiye anayejua. Akavuliwa usimamizi, akawekwa kulinda stoo ya mabomba, kwa hiyo kila walipokwenda kuchukua vifaa ni yeye aliyewafungulia mlango, wakamsalimu, akawasalimu, wakapakia, wakaenda. Msimamizi aliyekuja baada yake hamuulizi mtu chochote asubuhi. Ngugi amerudia kula peke yake, Kipkemboi na Emuria hutumiana maneno kupitia watu wengine, na pampu ya hapa Kakuma imesimama tangu Agosti, maji mliyokunywa leo yameletwa na punda.

Marehemu alianza kukohoa Januari 1978, akalazwa hospitalini Lodwar mwezi wa Mei, na daktari alisema ni kifua kikuu, nami sibishani na daktari, ila nilimwona kaka yangu akiacha kula kabla hajaanza kukohoa. Kila Jumapili, saa za kutazama wagonjwa, alimwomba Akai amgeuze aelekee mlangoni. Wale watatu walikuja mara moja, wote pamoja, wakiwa na sukari na majani ya chai, wakakaa kitandani kwa heshima, wakazungumza habari za barabara, wakaondoka wote pamoja, na mtu akija na wenzake hawezi kusema lile ambalo angelisema akija peke yake. Aliendelea kutazama mlango huo hadi mwisho.

Mimi nilimkabili. Nilimwambia ataje jina, nikamwambia mama Nakeno anadai jina hilo, akanijibu kwamba msimamizi akishataja jina la mtu wake mbele za watu kikosi kimekwisha, nikamwambia kikosi kilikwisha zamani, na kwamba ni yeye peke yake aliyebaki ndani yake. Kisha akaniagiza niyaseme haya siku nitakayosimama mahali hapa, kwamba aliwafundisha kazi, akawafundisha kusikilizana, akawafundisha hata kupendana, lakini kila walipopaswa kuona haya aliona haya kwa niaba yao, na mtu asiyepewa nafasi ya kuona haya hawezi kusimama siku ya siku. Alisema kosa hilo ni lake. Sikumfariji, kwa sababu niliona anasema kweli. Alifariki Jumatatu tarehe 13 Novemba 1978, asubuhi, akiwa amegeukia mlango, na ameacha mjane, watoto wanne, na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar waliomhudumia miezi yote hiyo bila kumchoka, inawashukuru majirani waliomletea Akai kuni na kumchungia mifugo michache iliyobaki, inamshukuru mchungaji na kanisa. Inawashukuru pia wafanyakazi wenzake marehemu, na hapa niseme kwamba tulikusudia kumwacha mtu mmoja nje ya shukrani hizi, lakini marehemu amekwenda na jina lake, nasi kwa kuwa hatumjui hatuna njia ya kumbagua, tunalazimika kuwashukuru wote watatu sawasawa. Asante Kipkemboi kwa kuendesha lori lililomleta kutoka Lodwar pole pole ili asitikisike. Asante Ngugi kwa kupigilia misumari ya jeneza lake. Asante Emuria kwa kuchimba kaburi. Mmoja wenu amepokea asante ambayo si yake, na wawili wenu wanamjua.

Familia imeniagiza ninyamaze kidogo hapa, ili kama kuna mwenye neno, asimame.

Basi. Wabebaji wasogee, tumzike. Pumzika, kaka yangu Ekai, uwe na amani peke yako, maana sisi umetuacha bila.