Yunisi Asajile Kibona (1981–2025): Bamayo wa Gemu Ambaye Hakusahau

Wachungaji, wazee wa ukoo wa Kibona na wa ukoo wa Simbeye, majirani wa Sogea, na ninyi vijana mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Nakonde: aliyelala mbele yetu ni Yunisi. Wasifu wake unasomwa na mdogo wake, Gwantwa. Marehemu alimchagua mwenyewe, akijua kwamba Gwantwa hatapunguza neno.

Yunisi alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kata ya Ibaba, wilayani Ileje, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Asajile Kibona na mama Tumpale. Wazazi wake walilima viazi na pareto kwenye miteremko ambayo mtu akidondosha jembe hulifuata hadi bondeni. Alibatizwa akiwa mchanga, na mama yake alizoea kusema kwamba huyu mtoto hakulia alipomwagiwa maji, alimtazama tu mchungaji.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Ibaba kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, kisha sekondari Itumba, akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Wa Ibaba wanaikumbuka habari ya dumu. Akiwa darasa la tano, mwanafunzi mwenzake aitwaye Aliko alimpiga mtama akiwa anapandisha maji kutoka mtoni, maji yote yakamwagika, na Aliko akacheka. Yunisi alirudi mtoni kuchota mengine. Muhula wote hakusema kitu. Siku ya kufunga shule, Aliko aliposimama mbele ya wazazi kupokea zawadi, amevaa shati jipya, Yunisi alitoka kwenye mstari na dumu lake la maji akammwagia kichwani.

Mwalimu akamuuliza, "Mbona hukumlipa siku ileile?"

"Siku ile alikuwa na nguo chafu, mwalimu."

Mzee Asajile alimchapa binti yake fimbo, kisha akaenda nyuma ya nyumba kucheka. Bwana Aliko yupo msibani leo, ndiye aliyeleta mchele, na ametuomba habari hii isomwe.

Mwaka 2001 Yunisi alikuja Tunduma kuishi na shangazi yetu, Enesi, na kumsaidia kuuza vitenge. Jirani na meza yao kulikuwa na kibanda cha gemu cha kijana mmoja Mnyamwanga, Anania Simbeye. Siku moja ya mvua Yunisi aliingia humo kujikinga, na hakutoka mvua ilipokatika.

Ilikuwa gemu ya kupigana ya kizamani. Wapiganaji wawili wanaonekana kwa ubavu, mmoja kushoto na mmoja kulia, juu ya ardhi moja iliyonyooka. Hakuna kichaka cha kujificha, hakuna kuzunguka nyuma ya nyumba. Unasogea, unarudi, unainama au unaruka, basi. Bingwa wa kibanda alikuwa Rabson Simbeye, kaka mkubwa wa Anania, na mpiganaji wake alikuwa kijana mwepesi mwenye mateke ya angani. Yunisi alichagua bibi kizee mwenye fimbo, ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu ni mzito. Alipigwa. Kesho yake akarudi, akapigwa. Lakini alikuwa anatazama, na alichokiona alimweleza mdogo wake miaka mingi baadaye: "Rabson anapenda kuruka. Mtu akisharuka hawezi kubadili mawazo akiwa hewani. Mwache aruke, mngoje pale anapotua."

Mwezi haukuisha. Kibanda kikiwa kimejaa, Rabson aliruka na bibi kizee akamngoja. Aliruka tena, akangojwa tena. Alipoanguka, Anania alicheka mpaka akakaa chini.

"Umebahatisha," Rabson akasema.

"Basi rudia, kaka," Yunisi akamjibu.

Akarudia, akapigwa, akatupa pedi ya kuchezea sakafuni na kutoka. Siku hiyo ndoa ya marehemu ilianza, na uadui wake nao ulianza.

Yunisi na Anania walifunga ndoa Itumba, Jumamosi tarehe 20 Agosti 2005. Mungu aliwapa Gasper mwaka 2007 na Judith mwaka 2010. Walijenga nyumba hapa Tunduma, mtaa wa Sogea, kwa mikono yao. Anania alikuwa anafyatua matofali, Yunisi anayabeba akiwa na mimba ya Judith, na jioni kazi ikiisha walicheza raundi chache sebuleni kabla ya kula. Anayeshindwa aliosha vyombo. Shangazi Enesi ni shahidi kwamba Anania aliosha vyombo vingi kuliko mume yeyote wa Tunduma, na kwamba hakuwahi kuonekana mwenye huzuni akiviosha.

Anania alifariki kwa ajali ya barabarani tarehe 9 Februari 2014, wakati Judith hajaanza shule. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa. Rabson alisimama akasema nyumba ya Sogea ni mali yake, kwamba yeye ndiye aliyejenga na mdogo wake alikuwa msimamizi tu. Walikuwepo wazee waliokula wali wa Yunisi siku ya kupaua nyumba ile. Waliulizwa kama wana neno, wakatazama chini. Baadhi yao wamekaa hapa. Hawatatajwa, kila mmoja anajijua, na marehemu alikufa akimjua mmoja mmoja.

Rabson alichukua funguo, runinga na viti. Mashine ya gemu aliisukuma kwa mguu na kusema, "Na haya makopo yake ayabebe." Yunisi aliyabeba. Aliyafunga kwenye kitenge pamoja na nguo za watoto, akarudi kwa shangazi. Alifungua kesi, akashindwa mwaka 2016 kwa kukosa mashahidi.

Wakati huo tayari alikuwa amepanga chumba Majengo, akaweka mabenchi na runinga kuukuu ya shangazi, akaanza kazi ya gemu. Vijana wa upande wa Zambia walimwita Bamayo, yaani mama, na jina hilo likashika mji mzima. Vibanda vingine vilikuwa na mpira wenye picha nzuri kuliko gemu yake, lakini watu walijaa kwake, na mtu akimuuliza utamu wa gemu ile ya kizamani uko wapi, alijibu akiwa anapanga pedi zake:

"Kwenye mpira ukifungwa utamlaumu beki, utamlaumu refa. Hapa utamlaumu nani? Wewe ni mmoja na yeye ni mmoja. Ukipigwa, umeona kwa macho yako ulipokosea. Pigo zito lina utamu wake, lakini likipita hewani utakaa wazi, utalipa. Halafu ni dakika mbili tu, na ukishindwa unasema rudia. Ni wapi pengine duniani mtu anapewa rudia?"

Kwa mdogo wake alisema zaidi. "Gwantwa, kwenye kikao cha ukoo Rabson alikuwa na wazee wote na mimi nilikuwa peke yangu. Kwenye gemu tunaanza mistari yetu ya uhai ikiwa imejaa, wangu sawasawa na wake. Sijawahi kupewa hivyo mahali pengine. Siku akiingia pale ndani hatatoka."

Aliingia mwaka 2017. Alikuwa sasa ni mtu mkubwa, wakala wa forodha mwenye magari, lakini vijana wake walikuwa wakinong'ona kwamba Bamayo ndiye mwanamke aliyewahi kumpiga bosi. Hakuweza kuvumilia. Alikuja Jumamosi moja na wapambe, akavua saa ya mkononi, akakaa.

Waliokuwepo wanajua marehemu alifanya nini. Hakumpiga haraka. Alimwacha aamini. Alimwacha apige mpaka mstari wa bibi kizee ukabaki kama ukucha na wapambe wakasimama kushangilia, na hapo Rabson akaruka. Ilipokwisha, Yunisi hakucheka wala hakumtazama usoni. Alisema tu, "Rudia, shemeji."

Rabson alirudia miaka mitano. Alijifungia nyumbani kwake, yaani nyumbani kwa Yunisi, akafanya mazoezi, akabadilisha mpiganaji, akajifunza kutembea badala ya kuruka. Kila aliporudi alimkuta marehemu ameshasogea mbele. Wauza nyanya walifunga meza mapema kuja kuangalia. Watu walianza kumwita "Mzee Rudia" sokoni, kwenye foleni ya mpakani, hata kwenye ngazi za kanisa. Mchungaji alimwita Yunisi akamwambia kisasi ni cha Bwana. Yunisi akamjibu kwa heshima kwamba anajua, na kwamba yeye anamshikia Bwana pedi tu.

Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Agosti 2022, Rabson alimfuata nyumbani. Jumamosi yake kulikuwa na mashindano makubwa, na wazee wa ukoo walikuwa wamealikwa. Shangazi Enesi alikuwa chumba cha ndani akichambua maharage, na aliyasikia yote.

"Mama Gasper," Rabson alisema, "tusidanganyane. Umenichafua jina vya kutosha. Jumamosi niachie nishinde. Mara moja tu, mbele ya watu."

"Nikikuachia?"

"Nitawarudishia watoto nyumba yao."

"Nyumba ya nani, shemeji?"

"Ya Anania. Ya kwenu. Unajua mwenyewe, unataka niseme nini tena?"

Yunisi alikuwa na watoto wawili waliolala chumba kimoja na madumu ya maji. Baadaye alimwambia mdogo wake kwamba kwa pumzi moja alikubali kabisa. Kisha akamuona Rabson, kama yule kijana wa angani, ameshapaa: alikuwa amekiri nyumba ni ya nani.

"Karibu Jumamosi," akasema.

Jumamosi chumba cha Majengo kilijaa watu hadi barabarani. Kabla ya kushika pedi, Yunisi alisimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Shemeji alikuja kwangu juzi. Amesema nikikubali kushindwa leo atanirudishia nyumba ya Anania. Nimekuja kuwauliza. Mtu anarudishaje kitu ambacho si cha mwenzake?"

Rabson akasema ni uongo. Ndipo shangazi Enesi, ambaye alikuwa hajawahi kusimama mbele ya wanaume, alipoinuka pale nyuma na kuyarudia maneno ya Rabson moja baada ya jingine, hadi namna alivyokohoa. Hakuna aliyemcheka. Mzee mmoja wa ukoo, wa wale waliotazama chini, alisema polepole, "Na sisi tulimwona Anania akifyatua matofali yale." Alikuwa amechelewa miaka minane, lakini alisema.

"Haya, shemeji," Yunisi akasema akiketi. "Tuendelee na kilichotuleta." Na akampiga, raundi mbili kwa bila.

Ukoo ulikaa tena, na Januari 2023 Yunisi aliingia Sogea na watoto wake. Wengi walidhani sasa yamekwisha. Rabson mwenyewe alidhani, akaacha kuja. Marehemu akamtuma Gasper kumwambia nafasi yake ya Jumamosi bado ipo. Alipoulizwa na mdogo wake kwa nini asitosheke, alisema, "Nyumba imerudi. Miaka ya Judith kulala na madumu haijarudi."

Mwishoni mwa 2023 alianza kutokwa na damu. Aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ikiwa imeshasambaa, akatibiwa Mbeya mwaka wote uliofuata. Tunawashukuru wauguzi waliomvumilia, maana hakuwa mgonjwa mpole. Mwezi wa nne mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani, akatandikiwa sebuleni, mbele ya runinga.

Rabson alikuja katika wiki ya Pasaka. Alileta machungwa. Alikaa kwenye kigoda akasema amekuja kuomba msamaha.

"Gwantwa," marehemu akasema, "tupe pedi."

Walicheza. Vidole vyake vilikuwa vimekonda, na bibi kizee alikuwa anachelewa. Rabson aliruka hovyo mbele yake, akatua mikono chini, akaruka tena, mpaka akaanguka. Yunisi aliiweka pedi kifuani.

"Umeniachia."

"Mama Gasper, pumzika tu."

"Umeniachia ndani ya nyumba yangu. Rudia. Cheza kweli."

Basi akacheza kweli. Alitembea, hakuruka hata mara moja, alikuwa amefundishwa vizuri na miaka mitano ya aibu. Bibi kizee alianguka. Ilikuwa ni mara ya kwanza Rabson kumshinda tangu kile kibanda cha Anania. Rabson alianza kulia pale kwenye kigoda, na Yunisi akamwangalia usoni kwa muda mrefu.

"Hongera, shemeji," alisema. "Umemshinda mgonjwa. Kawaambie watu."

Rabson hakumwambia mtu. Kwa hiyo marehemu aliagiza liandikwe kwenye wasifu na lisomwe hapa, kwa sauti, yeye akiwepo: Bwana Rabson Simbeye, uliyekaa chini ya turubai, mstari wa pili, tangu siku zile za kibandani ulimshinda Yunisi Kibona mara moja tu, akiwa hawezi kuketi. Ushindi huo ni wako na hakuna atakayekunyang'anya. Aliagiza pia isisemwe kwamba alikusamehe, kama inavyosemwa kwenye wasifu wa watu wengine. Hakukusamehe. Alisema akili zake zilikuwa timamu na alilifikiria jambo hilo vizuri.

Yunisi alifariki nyumbani kwake Sogea, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Judith alikuwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, Gasper na Judith. Mama yake, Tumpale. Shangazi yake, Enesi. Mdogo wake, Gwantwa. Na vijana wa pande zote mbili za mpaka waliomwita mama. Shemeji zake hawakuorodheshwa. Anazikwa kando ya mumewe, Anania, alivyotaka.

Dada, pumzika. Hilo la "kwa amani", ulisema utalizungumza na Mungu mwenyewe.