Nani Atalala kwa Taisto

Kwenye kituo cha mafuta nje kidogo ya mji wa Kajaani, meza ya dirishani ina wenyewe. Msumeno, mstaafu wa kiwanda cha mbao, hukaa upande wa ukuta. Nahodha, ambaye maisha yake yote aliendesha pantoni la kuvuka ziwa, hukaa upande wa mlango. Taisto hukaa katikati. Ni miaka tisa ya kahawa na ubishi, na adabu ya meza ni moja tu: mambo ya nyumbani kwa mtu hayaulizwi. Taisto alikuwa ametoka hospitali jana. Daktari alimwonya asilale peke yake usiku wa leo, atakapoanza dawa mpya, naye akajibu, “Yupo mtu.” Hakuwepo. Alikuja kumwomba mmoja wao alale kwake, lakini akaagiza kahawa tu.

— Kwa hiyo mishipa yako ya damu imevimba, alisema Nahodha.

— Imevimba. Mapafu yakavuja damu. Yameacha, sasa damu imeganda mguuni.

— Si wakupe dawa ya kuilainisha!

— Naanza leo jioni. Lakini hiyohiyo dawa inaweza kuyafanya mapafu yavuje tena.

— Rahisi, alidakia Msumeno. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Piga maji ndoo nzima, uone kama haitakuwa nyepesi!

— Acha uongo, mzee, alisema Nahodha. Dawa ni sauna. Mguu unauweka kwenye joto la mvuke, bonge liyeyuke. Kifua unakitoa dirishani kwenye theluji, mapafu yagande.

— Na tumbo?

— Tumbo halina kesi. Likibaki tundu, lipake lami. Pantoni langu lilivuja miaka, lami ikaliponya.

— Haba na haba hujaza kibaba!

— Ndiyo maana lilizama.

Walicheka. Taisto naye alicheka, mbavu zikamuuma, na upweke ukamzidi kuliko kule wodini.

Saana, mhudumu aliyeanza kazi Jumatatu, alikuja na birika.

— Samahani, wazee wangu. Usiku huyu akikohoa damu, nani atapiga simu?

Msumeno alikoroga kikombe kisicho na kitu.

— Si kuna… Nahodha alianza, akaishia hapo. Taisto, kwani una mtu nyumbani?

— Nilimwambia daktari yupo.

— Nani?

Taisto alimtazama huyu, kisha yule.

Msumeno alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

— Haya, nitakuja mimi. Kwani unakaa wapi?

— Nyumba ya njano, nyuma ya kanisa, alisema Taisto. Ile unayoipita kila siku ukija hapa.