Nelius Wawira na Seli Zisizotaka Kufa

Tarehe 31 Julai 2025, Bi. Nelius Wawira anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya utafiti hapa Embu kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza kwa kupima malaria. Mwaka wa 1998 aliletewa sampuli ya mtoto kutoka Mbeere aliyevimba taya. Ilikuwa saratani ya seli za kinga, ile inayohusishwa na virusi ambavyo wengi wetu tunavyo bila kujua. Mtoto hakupona. Wawira akaomba kuhamishiwa chumba cha kukuzia seli, na hakutoka tena.

Humo alitunza seli za kinga zilizogeuzwa na virusi hivyo. Seli ya kawaida ikitolewa mwilini hufa upesi. Hizi huzaana tu, kwa sababu virusi huziwekea protini inayotoa ishara bila kukoma: ishi, gawanyika. Sisi tunatafuta dawa ya kuizima. Ukiacha kabati la joto wazi, utamsikia akizitetea seli zake: "Funga huko! Watoto wanapigwa na baridi!"

Mwaka wa 2019, mimi Karimi nikiwa mgeni kazini, nilijaribu dawa moja na karibu seli zote zikafa. Tulishangilia. Mkuu wetu, Dkt. Gitobu, akaandika ripoti ya wafadhili. Wawira alichungulia chupa zangu, akakataa kutia sahihi.

"Daktari, dawa haijaua kitu. Karimi amepanda seli chache sana kwenye chupa za dawa, na ile chupa isiyo na dawa ameijaza. Hizi huishi kwa kupashana habari. Ukizitawanya, zinakufa na upweke."

"Wawira, unajua tumengoja hii siku miaka mingapi?"

"Najua. Lakini hapo siweki sahihi."

Daktari alitoka akibamiza mlango. Ripoti haikwenda. Tulirudia kazi kwa wiki tatu, na kweli, dawa iliua chache tu. Nilijificha stoo nikalia. Wawira akanifuata na chai ya thamosi, akanifundisha upya kuhesabu seli, na hadi leo hajanikumbusha kosa lile.

Miaka mitatu baadaye dawa nyingine iliizima ishara kweli, chupani. Safari ya kumfikia mgonjwa bado ni ndefu. Dkt. Gitobu mwenyewe ndiye aliyesisitiza jina la Wawira liandikwe kwenye makala yetu.

Sasa anakwenda nyumbani Karurumo, kwa miti yake ya makadamia na wajukuu wawili. Wawira, asante kwa kutufanya tuwe wakweli. Pumzika vizuri, Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha. Na siku seli zikinigomea nikakupigia simu, tafadhali pokea.