Jino Jeupe Alilonichagulia Vuai

— Pauni mia saba na themanini, Vuai. Nimelipa mimi, kwa kadi yangu. Rangi ukachagua wewe.

— Nimechagua kwa sababu ulitaka nikusemee, yakhe.

— Nilitaka unisemee. Sikutaka uninunulie jino la mtu mwingine.

Tulikuwa tumefika hapo na kahawa haijamiminwa hata raundi ya pili. Benchi letu lipo nje ya duka la Madhu, Queensbury, huku ughaibuni, kati ya makreti ya ndizi na mashine ya kutolea pesa iliyokufa tangu mwaka juzi. Madhu ni mzaliwa wa Kisumu. Anachemsha kahawa ya tangawizi huko ndani, anatuletea kwenye chupa ya chai, na hakuna anayekaa hapo asibandikwe jina. Vuai wa Unguja ni Wakili, kwa ulimi wake wa kutuliza watu. Kibet anaendesha basi, kwa hiyo ni Breki. Mimi Telesphor ni Spana. Umakanika nimejifunza mwenyewe chini ya magari ya watu, sina cheti, na sijawahi kumficha mteja bei wala kasoro. Ndiyo maana jambo hili lilinikaa kooni.

Wiki iliyopita niliuma mfupa wa mbuzi, jino la mbele likakatika nusu. Siku ya kukatika ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu Jumamosi hii wanakuja kumposa binti yangu Gladness. Watu kumi na wawili kutoka Luton, sebuleni kwangu. Kwetu baba wa binti hazungumzi mbele ya wakwe. Anakaa, anasikiliza, na msemaji wake ndiye anayejibu. Msemaji wangu ni Vuai, na kila mtu pale kijiweni anajua sababu: nikisema mwenyewe, kikao hakifiki kwenye chai. Lakini baba aliyenyamaza anabaki na kazi moja tu, kutabasamu. Sasa nitabasamu na kigae?

Jumatatu nikaenda kliniki moja ya Kenton wanakotengeneza jino na kulivika siku hiyo hiyo. Wanaliita krauni, kofia ya kaure inayovishwa kisiki cha jino lililovunjika. Nilimchukua Vuai anisindikize. Daktari akanipiga sindano ya ganzi, akachonga kisiki, kisha akanipitishia mdomoni kikamera chembamba kama kalamu. Meno yangu yote yakatokea kwenye skrini, makubwa, yanazunguka. Hakuna lile tope la kuuma ili wapate umbo la meno, wala kusubiri wiki mbili. Akachora jino kwenye kompyuta, na mashine iliyokuwa pembeni, ukubwa wa oveni ya kuokea mkate, ingelichonga kutoka kwenye kipande cha kaure nikiwa nimekaa hapo hapo. Mimi ni fundi, na kusema kweli nilivutiwa.

Kabla mashine haijawashwa, daktari akaleta sampuli za rangi zimepangwa kama funguo, kutoka nyeupe hadi kahawia. Akauliza alinganishe na meno ya jirani au vipi. Mdomo wangu umekufa, ulimi kama soli ya kiatu. Nikamwonyesha Vuai kidole: jibu wewe. Vuai akaonyesha ile ya mwanzo kabisa.

Meno yangu ni ya kahawia. Nimezaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Maji yetu yana madini mengi ya floridi, na wengi tuliokulia kwenye maji yale tuna meno ya rangi hiyo. Sio uchafu. Nikipiga mswaki mpaka fizi zitoke damu, hayabadiliki. Sasa katikati yake limekaa jino moja jeupe, kama swichi mpya kwenye ukuta wa zamani.

— Si urudi tu wakupake rangi, bana? akauliza Kibet.

Nikamwambia nilishapiga simu. Rangi inachomwa kwenye tanuri pamoja na jino. Kuibadilisha ni kulikata hilo na kutengeneza lingine, kwa bei mpya, na kisiki kilichobaki ni kidogo. Kikiguswa tena kinaweza kupasuka, na hapo nitabaki na pengo.

Madhu, aliyekuwa mlangoni na taulo begani, akashauri chai ya rangi, nzito, niishikilie mdomoni kila saa. Nikamwuliza kwa muda gani. Akasema miezi miwili. Leo ni Alhamisi.

Kibet yeye alikuwa mbali zaidi. Alisema hofu yake sio rangi, ni ile kamera. Mdomo wangu mzima uko kwenye kompyuta ya watu. Kesho mtu atachapisha meno yangu, atapita nayo uwanja wa ndege wa Heathrow, na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi. Alipoona Madhu anacheka akaongeza kwamba wamelifanya jeupe makusudi, ili kila mtu aniulize limetoka wapi.

— Wewe ni bango lao, Spana. Linatembea bure. Wao ndio wakulipe.

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana ningeonyesha jino. Tangu Jumatatu nimejitazama kwenye kioo cha kila gari lililoingia gereji. Nilimtumia Gladness picha. Binti yangu anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akapiga simu, akasema, "Dad, it's… fine." Nilisikia alivyosita kabla ya neno la mwisho, la kusema liko sawa. Usiku huo sikulala. Niliwaona wale kumi na wawili wa Luton wananitazama mdomo na kuwaza: mzee huyu alianza kujisafisha, hela zikamwishia njiani.

Vuai alijaribu tena kunituliza. Alisema jeupe ndilo zuri, ndiyo maana daktari aliliweka mwanzo. Alisema Pemba kuna mzee alitiwa jino kama langu, na baada ya mwaka yale mengine yakaanza kulifuata. Hapo damu ikanipanda.

— Sikiliza, Vuai. Jumamosi hutanisemea.

— Nani atakusemea?

— Yeyote. Kibet.

Kibet akasogea hadi mwisho wa benchi na kusema Jumamosi ana zamu. Vuai aliweka kikombe chini taratibu. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo: kwamba anapenda kujibu maswali yasiyo yake, kwamba kama ameweza kuuza mdomo wangu kwa kidole kimoja, binti yangu atamwachia kwa bei gani. Nilisema kwa sauti, na waliokuwa wanasubiri basi waligeuka.

Wakati huo akafika Deepa, mke wa mpwa wake Madhu, ametoka kazini kufuata dhania na nyanya. Koti la baridi lilikuwa wazi na ndani yake nikaona sare ya buluu. Nikamkumbuka. Ndiye aliyekuwa amemshikia daktari ule mrija wa kunyonya mate. Ameolewa akitokea Mombasa, hajawahi kukaa na sisi. Akasalimia, akanitazama mdomo kwa jicho la kazi.

— Linakaa vizuri, Anko?

Madhu akamweleza kwa ufupi: Anko halitaki, rangi kachaguliwa na rafiki yake, urafiki unakufa.

Deepa alimtazama Vuai, akanitazama mimi. Hakuwa anagombana, alikuwa haelewi tu.

— Lakini lilijaribiwa kwanza, kabla ya gundi. Nilikushikia kioo mimi mwenyewe. Daktari akasema ukitaka tutalitia kahawia kidogo, ni dakika kumi, utikise kichwa tu. Ulijitazama muda mrefu sana, Anko. Halafu ukainua dole gumba. Kwa nini ulikubali?

Kibet akanitazama. Madhu akaacha kukunja taulo. Basi likaja, likachukua watu wake, likaondoka.

Nyumbani nina picha ya harusi yangu, ya ubatizo wa Gladness, ya siku niliyopewa uraia. Zote nimefumba mdomo. Kwenye kile kioo, kwa dakika ile, niliona jino moja tu. Yale mengine sikuyaona. Hayo ndiyo majibu, lakini pale kwenye benchi nilifunika mdomo kwa kiganja.

Deepa akasema samahani kama amekosea, akaingia ndani kuchukua dhania yake. Chupa ya chai ilikuwa imebaki na kahawa kidogo, hakuna aliyeigusa.

Vuai akasimama. Alifunga zipu ya koti mpaka shingoni, kisha akabaki palepale mbele yangu.

— Uniombe radhi, Telesphor. Hapa hapa, mbele ya hawa.